Mtupeni na Asimame

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni mwa ofisi ya mradi wa ramani za ardhi, Lindi mjini, nimeshika funguo za chumba cha kompyuta na jasho linanitoka. Funguo bado ninazo. Jasho ndilo limezidi.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Erasmo, niliyepunguzwa kazi chama cha ushirika kilipokata roho. Nikauza mitumba, ikalowa mvua na kuoza. Nikafuga kuku, kideri kikawamaliza. Mwisho nilipelekwa Dar es Salaam kwenye semina ya ramani za kompyuta kwa sababu aliyepaswa kwenda alikuwa kalazwa na malaria. Nilirudi na fulana, mkoba na cheo cha mtaalamu.

Kwa cheo hicho Mzee Nikodemo wa Nambungo, kijiji kilicho nyuma ya Mchinga, alikubali nimwoe binti yake Monika. Sharti lake lilikuwa moja tu. Huyo mwekezaji wa ufuta anayesemwa kila kona asiguse shamba lake la mikorosho. Nikaapa mbele ya wajomba na mashangazi kwamba hatagusa. Mwanaume anayeposa huapa mengi.

Sasa tuendelee.

Bosi wangu, Bwana Leonadi, alikuwa mtu wa tai hata siku ya joto. Alinieleza kazi kwa ufupi. Serikali imeruhusu mwekezaji apewe ardhi isiyo na mwenyewe tu. Basi mimi nionyeshe kwenye ramani ipi ina mwenyewe na ipi haina, mkutano wa kijiji ni Jumamosi, na ramani itundikwe ukutani kila mtu aione. Huo ndio uwazi, alisema. Neno uwazi lilikuwa limeingia nchini pamoja na soko huria, na bosi alilipenda kuliko mshahara wetu.

Kazi yenyewe ni nyepesi mno, ndiyo maana nilipewa mimi. Ndani ya kompyuta kila shamba la Nambungo lilikuwa na umbo lake na jina la mwenye nalo. Unaandika jina, unabonyeza, na shamba la mwenye jina hilo linageuka rangi ya manjano. Yasiyo yake yanabaki kijivu. Hata mjumbe wa nyumba kumi angeweza, ila yeye hakuhudhuria semina.

Nikaandika: Nikodemo.

Ramani haikubadilika. Chini ya kioo pakatokea maneno kwamba hakuna kilichochaguliwa. Nikaandika tena, nikaongeza jina la baba yake. Hakuna. Nikaandika jina la mwenyekiti wa kijiji, la mwalimu mkuu mstaafu, la fundi baiskeli, la kila mwanaume wa Nambungo niliyewahi kunywa naye togwa. Kijiji kizima kilibaki kijivu.

Nikamwita bosi nikidhani atahuzunika. Alivuta kiti akakaa.

"Kompyuta haina undugu na mtu," alisema. "Kama haimjui, hayupo."

Akatoka anapiga mluzi. Nilibaki na kijiji ambacho, kwa mujibu wa mashine, hakikuwa na mtu hata mmoja aliye hai. Nikamfikiria Mzee Nikodemo, mwenyekiti wa kigango, mtu ambaye akikohoa kanisani watoto wote wananyooka. Hayupo.

Nikajaribu kinyume. Shamba lake nalijua. Nimelitembea na Monika kutoka barabarani hadi kisimani, tukijifanya tunakagua mikorosho. Nikalitafuta kwenye ramani, nikalibonyeza lenyewe. Likageuka manjano, na jina la mwenye nalo likajitokeza pembeni.

MTUPENI.

Nilicheka mpaka miwani ikadondoka. Nikabonyeza jirani yake: Kikohozi. Jirani wa jirani: Kisirani. Ng'ambo ya kijito: Mlafi. Nikasema aliyeingiza majina haya kwenye kompyuta kule Dar alikuwa mlevi, au bwana shamba wa zamani aliyeyaandika mwanzo alikuwa na ugomvi na kijiji.

Dada Genoveva, mpiga chapa wetu, alisikia kicheko akaja kuchungulia. Kwao ni Nambungo. Alisoma jina la kwanza, akashika mdomo. Akasoma la pili, akaenda kufunga mlango.

Akanieleza kwa sauti ya chini, ingawa kusema kweli alikuwa anafurahia. Haya ni majina ya utotoni. Zamani za mkoloni mabwana shamba walipita kuandikisha mikorosho, na kila aliyeandikwa ana shamba alifuatwa na kodi. Wazee wa Nambungo wakapata akili. Waliandikisha mashamba kwa majina ya watoto wao wa kiume ambao hawajaingia jando, maana mtoto hatozwi kodi. Mkoloni akaenda zake na faili lake. Watoto wakaingia jando, wakatoka na majina mapya, wengine wakabatizwa wakaongeza la tatu. Faili halikuingia jando. Lilibaki na majina yaleyale mpaka mradi wetu ulipolimwaga ndani ya kompyuta.

"Basi vizuri," nikasema. "Jumamosi nayasoma, kila mtu anaitika lake, mambo yamekwisha."

Genoveva alinitazama kwa huruma.

"Kaka Erasmo, mwanaume akitoka jando lile jina limekufa. Ukimwita nalo mbele za watu umemvua nguo. Na akiliitikia mwenyewe, amekiri kwamba bado ni msungo, hajakua. Mbele ya wakwe zake na wajukuu wake? Kwani kwenu nyie hamkuingia jando?"

Nikajibu upesi kwamba tuliingia, nikauliza chai iko wapi.

Nikaenda kwa bosi. Nikamwomba tubadilishe majina kwanza, tuweke wanayotumia sasa, ndipo tuchape. Nilieleza vizuri, hata kodi ya mkoloni nikaitaja. Alisikiliza hadi mwisho, na nikaona uso wake unazidi kung'aa badala ya kukunjamana. Hapo ndipo nilipojua nimekosea kumwambia.

Hakuna kubadilisha, alisema. Data ni data. Jumamosi jina litaitwa mara tatu, atakayesimama shamba lake, asiyesimama ardhi haina mwenyewe. Kama wanaona haya, hilo ni tatizo la utamaduni, na mradi haushughuliki na utamaduni. Kisha akaniagiza nichape ramani kubwa kabisa, herufi zisomeke hata na aliye nyuma.

Nikachapa. Nitasema nini? Nilihitaji kazi ili nioe, na nilihitaji kuoa kwa mtu ambaye kazi yangu ilikuwa inakwenda kumvua nguo. Mashine ilitoa karatasi polepole, jina baada ya jina, na lile la baba mkwe lilikuja katikati, jeusi na nene.

Siku moja kabla ya mkutano Monika alishuka Lindi kuuza mbaazi. Tulikaa nyuma ya soko. Nikamweleza yote isipokuwa jina.

Alichambua mbaazi zilizobaki kwenye kikapu. Akasema hata mama yake aliondoka duniani bila kulijua jina hilo. Bibi Tekla, mama mzazi wa baba yake, ndiye pekee alijuaye, na tangu mwanawe atoke jando hajalitamka.

"Umelisoma?" akaniuliza.

"Nimelisoma."

"Usiniambie."

Sikumwambia. Ila aliniangalia kwa namna nyingine, kama mtu aliyenikuta nimeingia chumbani kwa baba yake bila hodi. Nikaona aibu, na ilikuwa aibu ya haki.

Jumamosi mkutano ulifanyika ndani ya ghala la ushirika, lile nililowahi kupimia korosho nikiwa mtu mwenye ajira. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Mwekezaji, Bwana Brighton, aliketi mbele na miwani ya jua, na kando yake makreti ya soda kwa ajili ya kufurahia maendeleo. Dereva wake, kijana mmoja anayeitwa Damiani, alisimama akiegemea ukuta, anatafuna kijiti.

Bosi alifunua ramani.

Kwanza watu walisogea kwa furaha. Hakuna asiyependa kuona kwao kumechorwa. Wakatafuta kisima, wakatafuta shule, wakashangaa kijito kilivyo chembamba. Kisha wakaanza kusoma majina. Wanawake vijana, walioolewa hapo juzijuzi, walisoma kwa sauti wakicheka, Kikohozi, Mlafi, Kisirani, wakiulizana hawa ni watu au ni maradhi. Hawakujua kwamba wanawasoma baba wakwe zao.

Upande wa wanaume hapakuwa na kicheko. Kofia moja ilishushwa hadi kwenye nyusi. Ikafuata ya pili. Baada ya muda upande ule wote ulikuwa kofia tupu.

Mzee Nikodemo hakuvaa kofia. Alikuwa na koti lake la kigango, amekaa wima, macho kwenye viatu vyake. Aliisoma ramani mara moja tu, kisha akanitazama mimi mara moja tu. Sikupenda hiyo ya pili.

Bosi akatangaza utaratibu wake. Akanipa mimi kipaza sauti, kwa sababu mtaalamu ni mimi.

"Kikohozi," nikaita.

Kulikuwa na babu mmoja mstari wa tatu mwenye pumu ya miaka mingi, na kwa kawaida huwezi kusikia mahubiri akiwa karibu. Siku hiyo alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, uso umemvimba, machozi yanamtoka, anapigana na kifua chake mwenyewe. Niliita mara ya pili na ya tatu. Hakukohoa. Bosi akachora msalaba kwenye shamba lake kwa kalamu nyekundu.

"Kisirani."

Vivyo hivyo. Msalaba. Bwana Brighton alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

Nikaziba kipaza sauti kwa mkono, nikamnong'oneza bosi kwamba wenyewe wako hapa, twende nao mashambani kila mtu aonyeshe mipaka yake. Bosi akanijibu kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mradi unachagua kwa jina, hauchagui kwa kutembea. Wenye elimu waliokaa mbele wakatikisa vichwa kukubali.

Likafuata lile.

Nilijaribu kuliruka. Nikasoma la chini yake. Bosi akaweka kidole kwenye karatasi, akakiacha hapohapo.

"Mtupeni," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, na kipaza sauti kikainenepesha.

Mzee Nikodemo hakutikisika. Misuli ya shingo tu ilikaza. Nilimwona Monika upande wa wanawake ameinamisha kichwa, na nikajua amelijua jina, kwa kuwa amemwona baba yake.

"Mtupeni," mara ya pili.

Hapo Damiani, dereva wa mwekezaji, akatema kijiti chake, akajivuta kutoka ukutani.

"Ni mimi," akasema. "Mtupeni ni mimi."

Ghala zima liligeuka. Kijana huyu kazaliwa Dar es Salaam, kaja Nambungo kwa mara ya kwanza asubuhi ileile, na wakati mashamba hayo yanaandikishwa huenda hata baba yake alikuwa hajaoa. Lakini hakuwa na wakwe mle ndani, hakuwa na wajukuu, na hakuwa na haya. Kwa utaratibu wa bosi wangu hivyo vilitosha. Bosi alimpongeza kwa ushirikiano, akainua kalamu.

Nikamtazama Mzee Nikodemo. Mtu huyu aliyesimamia ujenzi wa kanisa, aliyewahi kumfukuza mkaguzi wa korosho kwa fimbo, alikuwa anaibiwa mchana mbele ya macho yake, na alichotakiwa kufanya ni kusema neno moja. Hakuweza. Nami ningeweza kumsemea, kipaza sauti nilikuwa nacho, na nilinyamaza kwa kuogopa kukosa mke. Niandike hivyohivyo, msije mkadhani nilikuwa na busara.

Basi upande wa wanawake pakasikika sauti.

"We Mtupeni."

Haikuwa sauti ya mkutano. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita kutoka jikoni. Bibi Tekla alikuwa amesimama, mdogo, kanga imefungwa kifuani, mkono mmoja begani kwa Monika.

"We Mtupeni. Njoo ule, ugali unapoa."

Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa haangalii ramani wala bosi. Alikuwa anaangalia upande wa wanaume, kama anayetafuta mtoto kati ya watoto.

"Nilizika wawili kabla yake," akasema, sasa akituambia sisi. "Huyu nikamwita Mtupeni ili kifo kikija kisikie sina haja naye, kipite. Kikapita. Wewe, dereva, kifo gani kilikupita?"

Damiani alitafuta kijiti chake chini.

Kisha Mzee Nikodemo akainuka. Alifunga kifungo cha koti.

"Labeka, mama," akasema.

Mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, mwenyekiti wa kigango, aliitika kama mtoto aliyeitwa kula. Monika alikuwa analia waziwazi.

Na kutoka mstari wa tatu kikatoka kikohozi. Kilianza kidogo, kikaongezeka, kikatikisa benchi, na babu akasimama katikati yake, akipunga mkono hewani mpaka alipopata pumzi.

"Na mimi ndiye Kikohozi," akasema. "Kwani nani alikuwa hajui?"

Hapo kicheko kililipuka, na kilikuwa kicheko kizuri. Kofia zikaanza kuvuliwa. Kisirani akasimama. Mlafi akasimama, mwembamba kupita wote. Wake zao walikuwa wanajifunika kanga usoni wakicheka, na wakwe zao pia, na hapakuonekana mtu aliyevuliwa nguo. Bosi alifuta misalaba kwa mate. Bwana Brighton akaamuru makreti ya soda yarudishwe garini.

Nikajua nimeokoka. Shamba limebaki, sharti la posa limetimia, na kazi, hata kama nitafukuzwa Jumatatu, imefanya jambo moja la maana. Nikaanza kuikunja ramani. Nilikuwa nimeshapanga harusi, nimeshafika kwenye pilau.

"Mkwe," akaita Mzee Nikodemo.

Alikuwa bado amesimama. Akaniuliza ni nani aliyeyafukua majina haya.

"Ni mimi, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kwetu, mwanaume akilijua jina la utotoni la mwenzake, hutoa na lake wakawa sawasawa, kila mmoja akamfunikia mwenzake. Ndipo wanakula sahani moja. Langu unalijua wewe, na sasa ghala zima linalijua." Alitabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. "Haya. Lako lilikuwa lipi?"

Wanaume wakasogea karibu, wamechangamka, kila mmoja akitaka kusikia la kwangu ni baya kiasi gani. Genoveva, aliyekuwa karibu na mlango, alinitazama, kisha akatazama chini, na nikafahamu kwamba siku ile nilipokimbilia chai alinishtukia.

Baba yangu alikuwa mganga msaidizi katika hospitali ya misheni. Nilitahiriwa na nesi, kwenye kitanda cha chuma, nikiwa bado nanyonya. Sikulala porini, sikufundishwa chochote, na hakuna aliyenivua jina akanivisha jingine. Padri aliniandika Erasmo, na Erasmo ndiye aliyesimama pale na kipaza sauti, msungo aliyekuja kuoa.

Ningeweza kutunga. Mashamba yote ya kijivu kwenye ile ramani yalikuwa na majina, ningechomoa moja. Lakini Bibi Tekla alikuwa ananiangalia kama alivyomwangalia dereva.

"Mbona kimya, mkwe?" Tabasamu la Mzee Nikodemo lilianza kupungua, polepole, huku akielewa. "Usiniambie, kijana, kwamba hilo unalolitumia ndilo la kwanza."

Monika alifuta machozi, akaniinulia uso. Alikuwa tayari kucheka nami, anangoja nitaje jina tu.